Kutu na Kulika: Uhakiki wa Hukumu ya Tabia kwa Hali ya Zana katika Methali za Kiswahili na Masimulizi ya Uhunzi wa Ufipa

Ikisiri

Wasemaji wengi wa Kiswahili hushikilia kwamba tabia ya mtu hujulikana kwa namna anavyotunza zana zake. Imani hiyo husikika katika methali, katika mazungumzo ya mavunoni, na katika namna wahakiki wanavyowasoma wahusika wa kazi za fasihi. Makala haya yanaihakiki imani hiyo kwa kutumia aina mbili za ushahidi. Ya kwanza ni lugha yenyewe, yaani msamiati unaotumika kwa zana na kwa watu pamoja, mnyambuliko wa vitenzi vya uharibifu, na methali zinazohusu zana. Ya pili ni masimulizi na maelezo ya uyeyushaji wa chuma katika uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, ambako mwenendo wa fundi na hali ya tanuri lake vilitazamwa kama jambo moja. Inadaiwa kwamba Kiswahili hakitoi hukumu moja juu ya suala hili. Kinatenganisha kutu na kulika, na utengano huo ndio unaopotea pale methali zinapofundishwa moja moja kama mafunzo ya maadili.

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wenyeji hulifasiri jina lake kuwa limetokana na maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Msemaji wa Kiswahili hailewi kwa taabu sehemu ya pili ya jina hilo, kwa kuwa lugha yake nayo ina mwanga na wanga, watu wanaodaiwa kuroga usiku. Kwa fasiri hiyo jina la mji ni agizo kwa anayeingia: vitu vya uchawi viachwe nje. Usahihi wa etimolojia hiyo si hoja ya makala haya. Hoja ni kwamba fasiri yenyewe inaweka kipimo cha tabia, na kipimo hicho kinahusu vyombo. Mtu mwema ni yule aliyetupa.

Kipimo hicho kinapingana na kingine kinachojulikana zaidi, kwamba mtu mwema ni yule anayetunza. Jembe linalong'aa, shoka lenye mpini uliokazwa na panga lililonolewa huchukuliwa kuwa vyeti vya bidii. Jembe lenye kutu lililoachwa mvuani huchukuliwa kuwa ungamo la uvivu. Mkwe mtarajiwa hupimwa hivyo, kibarua hupimwa hivyo, na wakati mwingine hata kaya nzima hupimwa hivyo na mgeni aliyepita uani mara moja tu.

Uhakiki wa fasihi haukukaa mbali na desturi hiyo. Mhakiki anapokutana na mhusika mwenye zana chakavu, ni rahisi aandike kwamba mwandishi amemchora mtu mzembe, kana kwamba uhusiano kati ya kifaa na nafsi umekwisha kuthibitishwa mahali pengine. Makala haya yanauliza kama umethibitishwa. Yanaanza na lugha, yanapita katika methali, kisha yanakwenda Ufipa, mahali ambapo swali hili liliwahi kuwa zito kwa sababu chuma chenyewe kilitengenezwa huko.

2.0 Msamiati wa zana na msamiati wa tabia

Ni vigumu kuzungumzia tabia ya mtu kwa Kiswahili bila kuazima maneno ya karakana. Kivumishi -kali hutumika kwa kisu na kwa mwalimu. Butu hutumika kwa panga na kwa akili. Mpini hulegea, na mtu huitwa mlegevu. Chuma kilichopinda hunyooshwa, na mtu asiye na hila huitwa mnyofu, neno linalotokana na shina lilelile la kunyooka. Bongo hunolewa. Ujuzi usiotumika huota kutu. Orodha hii ingeweza kurefushwa, lakini hiyo inatosha kuonyesha kwamba ulinganifu kati ya zana na tabia haukuanza katika methali. Umo katika leksimu, na msemaji huurithi kabla hajajifunza methali hata moja.

Katika Kiswahili cha Tanzania cha leo ulinganifu huo umesogea hatua moja zaidi. Mchapakazi huitwa jembe. Mtu asiyeyumba huitwa chuma. Hapa mtu hafananishwi na zana kwa kupitia sifa fulani, bali anapewa jina la zana yenyewe. Sarufi huyapokea majina haya kama inavyopokea nomino nyingine za viumbe wenye uhai zilizo nje ya ngeli ya kwanza: kama isemwavyo kipofu amefika, ndivyo isemwavyo jembe huyu hachoki. Upatanisho wa kisarufi unathibitisha kwamba msemaji anamwona mtu, hata kama nomino inataja chuma na mpini.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina sehemu isiyokubali hukumu ya haraka, nayo ni mnyambuliko wa vitenzi. Kiswahili kinatofautisha kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Jembe limevunjwa ni sentensi inayodai kuwapo kwa mvunjaji, hata asipotajwa. Jembe limevunjika haidai hivyo, na inaweza kusimama bila mtu nyuma yake. Mtoto anayemwambia mzazi wake kwamba kikombe kimevunjika anaijua vyema tofauti hiyo, na mzazi anayemjibu kwa kuuliza ni nani aliyekivunja anaijua pia. Vitenzi vingi vya kuharibika kwa zana vimo katika kundi hilo la pili: kuvunjika, kuharibika, kukatika, kupasuka. Vingine, kama kuchakaa, kulegea na kupinda, havihitaji hata kiambishi hicho ili kumwacha mtenda nje.

Miongoni mwa vitenzi hivyo kuna kimoja kinachostahili kuangaliwa peke yake, nacho ni kulika. Kinatokana na kula, na husemwa kwa soli za viatu, kwa jiwe la kunolea, na kwa bapa la jembe. Jembe lililolika limekwisha kwa kutumika. Udongo umelila kidogo kidogo, msimu hadi msimu, mpaka likabaki dogo kuliko lilivyonunuliwa. Jembe lililoota kutu limekwisha kwa kutotumika, au kwa kutumika na kuachwa na unyevu. Kwa macho ya mpita njia, yote mawili ni majembe mabaya. Kwa msemaji makini ni shahidi wawili wanaotoa ushahidi unaopingana.

3.0 Methali tatu zisizokubaliana

Methali zinazohusu zana hufundishwa shuleni kama wimbo mmoja wa kusifu bidii. Zikiwekwa pamoja hazitoi sauti moja. Zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuangalia zinamtetea nani na zinamshitaki nani.

Kundi la kwanza linadai matunzo. Kinolewacho hupata ndiyo methali yake ya mfano. Nguvu yake iko katika kitenzi kupata, ambacho kina maana mbili zinazofanya kazi kwa pamoja: kisu kinachopata ni kisu kinachokata, na anayepata ni anayefanikiwa. Shoka lisilo mpini halichanji kuni inaingia katika kundi hilihili, na usipoziba ufa utajenga ukuta inaupanua ujumbe wake kutoka katika zana hadi katika nyumba. Ikumbukwe kwamba methali hizi hazisemi lolote kuhusu tabia. Zinaeleza sababu na matokeo. Shoka bila mpini halifanyi kazi, awe mwenye shoka ni mwema au mwovu. Anayeongeza lawama ni mfasiri.

Kundi la pili linageuza shitaka. Mchagua jembe si mkulima inamwambia anayelalamikia zana kwamba mkulima wa kweli hulima kwa jembe lililopo. Hapa anayehukumiwa ni mtu anayejishughulisha mno na ubora wa zana. Jembe linalong'aa, ambalo katika kundi la kwanza lingekuwa cheti cha bidii, hapa linaweza kuwa dalili ya kuikwepa kazi. Ni nani mwenye nafasi ya kuchagua, na jembe lipi hubaki likimetameta mwezi wa pili wa msimu wa mvua? Methali hii haikanushi haja ya kunoa. Inakanusha kwamba mwonekano wa zana unatosha kumtambulisha mkulima.

Kundi la tatu ndilo linalosumbua zaidi. Mfinyanzi hulia gaeni inamwonyesha mtengeneza vyungu akila katika kipande cha chungu kilichovunjika. Kwa kipimo cha kundi la kwanza mfinyanzi huyo angeitwa mzembe: ana ujuzi, ana udongo, ana moto, lakini hana chombo kizima nyumbani kwake. Methali haimwiti hivyo. Wapo wanaoisoma kama kejeli kwa fundi anayejisahau, na wapo wanaoisoma kama huruma kwa fundi anayewatumikia wengine mpaka hakibaki cha kwake. Masomo yote mawili yanaruhusiwa na matini. Jambo ambalo matini haiyaruhusu ni kudai kwamba gae lile ni ushahidi wa ujuzi duni. Chungu kizima kiko kwa mnunuzi.

Mgongano wa makundi haya matatu usichukuliwe kuwa kasoro ya hekima ya wahenga, kama inavyodaiwa mara kwa mara pale methali mbili zinapopingana. Methali ni hoja inayotumika mahali fulani dhidi ya mtu fulani. Anayesema kinolewacho hupata anataka kumhimiza aliyelala. Anayesema mchagua jembe si mkulima anataka kumnyamazisha mlalamikaji. Anayesema mfinyanzi hulia gaeni amekaa nyumbani kwa fundi na ameona anakula katika nini. Kosa la kitaaluma ni kuchukua methali ya kundi la kwanza, kuiondoa katika tukio lake, na kuifanya kanuni ya kuwahukumia watu wote.

4.0 Tanuri la Ufipa

Katika uwanda wa Ufipa swali la zana na tabia lilipata umbo la pekee, kwa sababu Wafipa walikuwa wayeyushaji wa chuma kwa muda mrefu kabla majembe ya viwandani hayajalifuta soko lao katika karne ya 20. Ufundi huo umeelezwa na watafiti kadhaa, miongoni mwao Roy Willis, J. A. R. Wembah-Rashid na Bertram Mapunda, na mabaki ya matanuri marefu yaitwayo malungu yameendelea kuonekana katika mashamba na vichaka vya uwanda huo.

Tanuri la aina hiyo lilijengwa kwa udongo kwa umbo la pia iliyokatwa ncha, kwa kimo cha takriban mita 3. Halikupulizwa kwa mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini, likajazwa makaa na mawe ya chuma kwa tabaka, likawashwa na kuachwa liwake kwa muda mrefu. Kilichotoka hakikuwa chuma tayari kwa jembe. Kilikuwa bonge lenye takataka, ambalo lilisafishwa kwa moto mara ya pili katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto, kisha likapelekwa kwa mhunzi afue majembe, mashoka na mikuki.

Kazi hiyo ilifungwa kwa miiko. Wayeyushaji walitakiwa kujitenga na wake zao kwa kipindi cha kazi. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, intangala, ambacho vilivyomo viliwekwa katika tanuri ili kazi ifanikiwe. Baadhi ya maelezo hulionyesha tanuri jipya likishughulikiwa kama bibi harusi. Kwa mpangilio huo, tanuri halikuwa chombo cha fundi kwa maana ambayo jembe ni chombo cha mkulima. Lilikuwa mwenza wake, na uaminifu wake kwa tanuri ulipimwa na kile ambacho tanuri lilitoa.

Hapa hukumu ya tabia kwa hali ya zana inafikia ukomo wake wa kimantiki, na udhaifu wake unaonekana wazi. Chuma kisipotoka, zipo sababu nyingi zinazoweza kueleza: mawe hafifu, makaa yenye unyevu, upepo uliopungua, ufa katika ukuta wa udongo, matundu yaliyoziba. Ipo pia sababu iliyotolewa na miiko, kwamba kuna mmoja aliyeivunja, au kuna adui aliyeingiza ubaya. Matokeo ni yaleyale, na kwa kuyatazama matokeo peke yake hakuna awezaye kuitenga sababu moja na nyingine. Tanuri baridi linaweza kumshitaki mtu aliyelala na mke wake, na linaweza kumshitaki mtu ambaye kosa lake ni kuchimba mawe mahali pabaya. Chuma kikitoka, hukumu inageuka na kuwa sifa, na mvunja mwiko aliyebahatika kupata makaa makavu anahesabiwa kuwa msafi.

Pamoja na hayo, mhakiki asikimbilie kuidharau miiko hiyo. Mwiko unaomzuia fundi asirudi nyumbani humweka karibu na moto, na fundi aliye karibu na moto huona ufa mapema na huzibua tundu kwa wakati. Matunzo ya chombo yalilindwa kwa lugha ya usafi wa mwili, pengine kwa mafanikio kuliko ambavyo yangelindwa kwa maonyo ya kiufundi. Mwiko ulifanya kazi nzuri kama kanuni ya kuwaongoza waliokuwa kazini. Ulipogeuzwa kuwa kanuni ya ushahidi baada ya kazi kuharibika, ulifanya kazi nyingine, ile ya kumtafuta wa kulaumiwa.

Kikapu cha intangala kinaonyesha hatari hiyo kwa upande mwingine. Kwa fundi na wenzake ni zana inayotunzwa kuliko zote, na kutunzwa kwake ni heshima. Kwa mtu asiye wa kundi, kikapu kilichofichwa, chenye vitu visivyotajwa na kinacholindwa kwa wivu, kinaweza kusomeka kwa jina lile ambalo mji wa Sumbawanga, kwa fasiri ya wenyeji, unaagiza litupwe. Kiwango cha matunzo ni kilekile na kikapu ni kilekile. Kinachobadilika ni mahali aliposimama mtazamaji. Hivyo, zana iliyotunzwa vizuri haimwokoi mwenyewe kutoka katika shutuma, na pengine ndiyo inayomtia humo.

Masimulizi ya asili ya utawala wa Ufipa, ambayo Willis aliyachambua kwa kina katika A State in the Making (1981), yanatoa mfano mwingine. Milansi ndiyo makao ya kale ya watawala wa mwanzo, na masimulizi yanawahusisha watawala hao na ufundi wa chuma. Siku moja mtawala amekwenda kuwinda. Wanawake wageni wanafika, na kiti cha utawala kinaingia mikononi mwao. Ndio mwanzo wa ukoo wa Watwa, ambao baadaye ulitawala sehemu mbili za uwanda, Nkansi na Lyangalile. Kwa kipimo cha matunzo, mtu aliyeacha kiti bila mlinzi mpaka kikachukuliwa angestahili kudharauliwa. Masimulizi hayamdharau. Watawala wa Milansi wanabaki na hadhi ya kimila ambayo Watwa wanaitambua. Chombo kimeondoka, heshima haikuondoka nacho. Masimulizi haya yana faida za kisiasa kwa pande zote mbili na hayapaswi kusomwa kama historia tupu, lakini kama fasihi yanaonyesha kwamba jamii ya wahunzi iliweza kufikiri juu ya kupotewa na chombo bila kuhitimisha kwamba aliyepotewa hakuwa mtu wa maana.

5.0 Jembe lililolika

Wafipa wanajulikana kwa kilimo cha matuta ya mboji, ntumba, ambapo nyasi hufunikwa chini ya udongo ili zioze na kuurutubisha. Kazi hiyo inamtaka mkulima apindue udongo mzito wenye mizizi, na chuma huliwa upesi. Jembe la mtu aliyelima matuta kwa misimu kadhaa haliwezi kubaki na umbo la dukani. Likibaki nalo, jirani ana haki ya kuuliza lilikuwa wapi.

Uhusiano wa mkulima na jembe ulibadilika chuma cha Ufipa kilipokoma kuyeyushwa. Jembe la mhunzi wa karibu lingeweza kurudishwa kwake, likatiwa moto na kufuliwa upya. Jembe la kiwandani, liwe limetoka ng'ambo, Ubungo au katika kiwanda cha Zana za Kilimo cha Mbeya, lilikuja na bei, na lilipolika lilihitaji fedha nyingine. Tangu hapo hali ya jembe imekuwa ikieleza mambo mawili kwa wakati mmoja: mwenendo wa mwenyewe na uwezo wake wa kununua. Katika mkoa unaohesabiwa miongoni mwa ghala za mahindi za Tanzania, ambako plau la ng'ombe limeenea, mambo hayo mawili yamechanganyika zaidi. Plau hukodishwa, huazimwa, huzunguka kutoka shamba hadi shamba. Likirudi limepinda, limepinda kwa tabia ya nani?

Swali hilo linaigusa pia kaya. Jembe moja linalotumiwa na mama asubuhi, na mtoto baada ya shule, na kibarua siku ya malipo, haliwezi kutoa ushahidi juu ya mmoja wao. Hata hivyo, anayelaumiwa kwa kutu yake mara nyingi ni yule anayeonekana nalo mwisho. Lugha ya kutendeka, jembe limeharibika, ni ya haki zaidi katika mazingira hayo kuliko lugha ya kutendwa. Msemaji anayeichagua haogopi ukweli. Anakataa kudai asichokijua.

Katika ngazi ya taifa jembe limekuwa ishara. Limo katika nembo ya taifa pamoja na shoka, na limo katika nembo ya Chama cha Mapinduzi pamoja na nyundo. Tamko la Siasa ni Kilimo la 1972 liliweka kilimo katikati ya wajibu wa uraia, na kampeni zilizofuata ziliifanya kazi ya shamba kuwa kipimo cha uzalendo. Majembe ya kwenye nembo hayana kutu wala hayajalika. Ni majembe ambayo hayajawahi kugusa udongo, na ndiyo maana yanaweza kumwakilisha kila mtu. Tatizo huanza pale ishara hiyo inapotumiwa kumpima mkulima halisi, kwa kuwa jembe la mkulima halisi, ukililinganisha na lile la nembo, litaonekana limepungua. Mtu aliyelima zaidi ndiye atakayeonekana amepungukiwa zaidi.

6.0 Zana katika kusoma wahusika

Utengano kati ya kutu na kulika una matumizi katika uhakiki wa fasihi andishi. Mfano wa kwanza ni Utubora Mkulima ya Shaaban Robert. Mhusika mkuu anaiacha kazi ya mshahara na kuchagua maisha ya shamba, na wasomaji wengi huona katika jembe lake uthibitisho wa utu wake. Lakini jina lake limekwisha kutoa hukumu kabla hajashika mpini. Msomaji haruhusiwi kuliangalia jembe na kuamua mwenyewe. Anaambiwa kwanza kwamba huyu ni utu bora, kisha anaonyeshwa jembe. Katika kazi hiyo zana haithibitishi tabia. Tabia iliyotangazwa ndiyo inayoipa zana maana. Uhakiki unaosema kwamba Utubora anajulikana kwa jembe lake umeugeuza mpangilio wa riwaya juu chini.

Mfano wa pili ni Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979), inayohusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Hapa kipimo cha matunzo hakina pa kushika. Gati si lao, meli si zao, na mzigo si wao. Mwili ndio zana pekee ambayo kuli anaweza kuitwa mwenye nayo, na mwili huo unalika kwa faida ya mwingine. Msomaji anayetafuta tabia ya kuli katika hali ya zana atalazimika kuutazama mgongo wake, na kile atakachokiona humo kitamweleza zaidi kuhusu mwajiri kuliko kuhusu kuli.

Kutokana na mifano hiyo, mhakiki anayetaka kusoma tabia katika zana anahitaji kuuliza maswali matatu kabla hajaandika hukumu. La kwanza ni la umiliki: zana ni ya nani, na ni nani mwenye uwezo wa kuitengeneza au kuinunua upya? La pili ni la alama: uharibifu unaoonekana ni kutu au ni kulika? La tatu ni la mtazamaji: ni nani anayeitazama zana katika matini, ana mamlaka gani juu ya mwenye zana, na angepata nini iwapo mwenye zana angeitwa mvivu? Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa kuwa msimulizi wa riwaya huazima macho ya mkaguzi bila kutangaza, na msomaji hujikuta akikagua ua wa mtu pamoja naye.

Inaweza kupingwa kwamba maswali haya yanamwondolea mtu wajibu wake, na kwamba mzembe wa kweli atajificha nyuma ya umaskini na zana za kuazima. Pingamizi hilo lina uzito. Kunoa jembe kunataka jiwe na muda mfupi jioni, na mtu mwenye jembe lake, jiwe lake na jioni yake, ambaye bado huliacha mvuani mwaka hadi mwaka, amesema jambo kuhusu nafsi yake. Kitendo kidogo kinachorudiwa pasipo mtu wa kukitazama ni miongoni mwa ushahidi bora wa tabia tulio nao. Lakini angalia masharti yaliyotangulia hitimisho hilo: jembe ni lake, nyenzo anazo, muda anao, na jambo limerudiwa. Masharti hayo yakikosekana, hukumu inabaki kuwa dhana. Maswali matatu hayamlindi mzembe. Yanamlinda aliyelimia wengine mpaka jembe lake likaisha.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili imani kwamba hali ya zana hufichua tabia ya mwenyewe. Yameonyesha kwamba leksimu ya Kiswahili inaunga mkono imani hiyo kwa kutumia maneno yaleyale kwa zana na kwa watu, lakini mnyambuliko wa vitenzi unaizuia kwa kumruhusu msemaji ataje uharibifu bila kutaja mkosaji. Yameonyesha kwamba methali za zana zimegawanyika makundi matatu yenye madai tofauti, na kwamba kundi linalodai matunzo linaeleza sababu na matokeo, halitoi hukumu ya kimaadili. Katika uhunzi wa Ufipa imeonekana kwamba mwiko uliolinda tanuri vizuri ulikuwa shahidi mbaya pale tanuri liliposhindwa, na kwamba kikapu kimoja kiliweza kusomeka kama heshima au kama shutuma.

Kuna kazi iliyobaki kwa watafiti wa isimu na fasihi simulizi mkoani Rukwa. Kifipa kina msamiati wake wa kuchakaa, kunoa na kufua, na wasemaji wake wengi hutumia Kiswahili pia katika maisha ya kila siku. Kulinganisha vitenzi vya uharibifu katika lugha hizi mbili kungeonyesha kama utengano wa kutu na kulika ni wa Kiswahili peke yake au ni wa eneo lote. Wazee waliokulia karibu na matanuri wamepungua sana, na malungu yaliyosalia yanaendelea kuliwa na mvua. Mtalii anayeyakuta yamebomoka anaweza kudhani kwamba hayakutunzwa. Walioyajenga waliyatumia, wakapata chuma, wakafua majembe, na majembe hayo yalilika shambani.